Saa sita si saa sita: sipro na vitu vinavyoishika tumboni

Bahasha ya dawa haina maneno mengi. Jina la dawa, halafu "1 × 2", halafu idadi ya siku, basi. Mgonjwa anayetoka kwenye dirisha la dawa Buzuruga au Kirumba, Mwanza, akiwa na homa, tumbo linalosokota na kichwa kinachogonga, mara nyingi hubeba bahasha nne au tano katika mfuko mmoja: sipro ya 500, mseto wa malaria, diklofenaki ya maumivu, vidonge vyeupe vya magnesiamu vya kutafuna "ili dawa zisichome tumbo", na pengine vya kuongeza damu. Akifika nyumbani anazimimina zote kiganjani, anashushia kikombe cha mtindi, analala. Siku ya nne homa ipo palepale, na mtaa unatoa hukumu: sipro ile ilikuwa feki.

Dawa feki zipo, hilo halina ubishi. Lakini kabla ya kuilaumu, tazama kwanza kile kiganja.

Sipro, yaani siprofloksasini, iliruhusiwa Marekani mwaka 1987 na ni ya ukoo wa fluorokwinoloni. Ndugu zake ni levofloksasini, ofloksasini, norfloksasini na moksifloksasini, na mengi yatakayosemwa hapa yanawahusu nao pia. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la antibayotiki za kutumiwa kwa tahadhari, kwa kuwa bakteria wanajifunza haraka kuishinda. Mtu mzima mwenye figo nzima akimeza miligramu 500, asilimia 70 hivi huingia kwenye damu, kilele kinafika kati ya saa moja na mbili baada ya kumeza, na kila baada ya kama masaa manne nusu ya iliyopo inakuwa imeondoka. Ndiyo maana inamezwa mara mbili kwa siku, na ndiyo maana "1 × 2" maana yake ni kila baada ya masaa 12. Asubuhi na mchana si mara mbili kwa siku kwa hesabu ya dawa hii, hata kama bahasha imeridhika.

Udhaifu wake uko tumboni. Umbo la sipro lina sehemu mbili za oksijeni zilizokaa jirani kama meno ya koleo, na koleo hilo linapenda madini: magnesiamu, aluminiamu, chuma, zinki, kalsiamu. Likikutana nayo linayang'ang'ania, na kile kinachotokea ni donge ambalo ukuta wa utumbo hauwezi kulipitisha. Linatoka na choo. Kwenye dawa za asidi zenye magnesiamu na aluminiamu pamoja hasara ni kubwa mno: zikimezwa muda mfupi kabla ya sipro, karibu asilimia 85 ya ile ambayo ingeingia kwenye damu inapotea. Fanya hesabu. Katika 500 ilitakiwa iingie kama 350. Sasa inaingia kama 50. Kiasi hicho hakiui bakteria wa taifodi. Kinawafundisha.

Kanuni iliyoandikwa kwenye karatasi ya dawa ni hii: sipro imezwe angalau masaa mawili kabla ya hayo madini, au masaa sita baada yake. Watu wanauliza kwa nini huku mawili na kule sita. Sipro ikitangulia, ndani ya masaa mawili sehemu kubwa imeshaingia kwenye damu, na madini yakija yanakuta imekwenda. Madini yakitangulia, yanakaa tumboni na kwenye utumbo muda mrefu. Ukimeza sipro masaa mawili baada ya dawa ya asidi bado unapoteza kama robo tatu. Ukisubiri masaa manne unapoteza kama asilimia 30. Kwenye masaa sita ndipo njia inakuwa nyeupe.

Na hapa Kiswahili chetu chenyewe kinaleta mtego ambao karatasi ya dawa haikuuwazia. Mtoa dawa anasema, "Meza sipro baada ya saa sita." Mgonjwa anasikia: baada ya adhuhuri. Anatafuna magnesiamu saa tano na nusu, anangoja jua lipite utosini, anameza sipro saa saba. Ametii kila neno. Wenye sarufi watatukaripia, lakini dirishani ni heri kusema "masaa sita", na bora zaidi ni kutaja saa zenyewe na kuziandika juu ya bahasha.

Ratiba inayokaa vizuri ni hii. Sipro saa moja asubuhi, na nyingine saa moja usiku. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana kuna dirisha: hapo ndipo pa kutafuna magnesiamu, kumeza vidonge vya chuma, zinki, au vitamini zenye madini. Baada ya saa saba mchana hakuna tena, mpaka sipro ya usiku imezwe na masaa mawili yapite. Dirisha la usiku linaanza saa tatu na kufungwa saa saba usiku. Anayeamka alfajiri na kiungulia akatafuna kidonge saa kumi, ameshaiharibu sipro ya asubuhi kabla hajaimeza. Aisogeze sipro hadi saa nne asubuhi.

Kwa mwenye vidonda vya tumbo, ni rahisi zaidi kubadili dawa ya tumbo kuliko kupigana na saa. Omeprazoli haina yale madini, na kwa kidonge cha kawaida cha sipro haileti hasara ya kutisha. Eno na soda ya kuokea hazimo kwenye kundi la madini yanayoshika, lakini zina kasoro yake: hufanya mkojo usiwe na asidi, na sipro kwenye mkojo wa namna hiyo inaweza kuganda kuwa fuwele ndogo zinazoumiza figo. Maji mengi ndiyo kinga. Anayeshinda juani mwaloni, kando ya ziwa, akianika dagaa, jasho likimtoka na chupa ya maji haipo, ndiye tunayemwazia hapa. Tena sipro huifanya ngozi iungue na jua upesi, na kwenye mtumbwi jua linakuja mara mbili, juu na kutoka kwenye maji. Mikono mirefu na kofia pana, siku zote za dozi.

Sasa mtindi. Glasi ya maziwa au ya mtindi ikinywewa peke yake pamoja na sipro hupunguza kinachoingia kwenye damu kwa kama theluthi. Si janga la asilimia 85, lakini kwa ugonjwa mzito theluthi ni nyingi. Watu wanaposikia hivyo wanaogopa chakula chote, na huko ni kuzidisha. Sipro inaweza kumezwa na mlo kamili, hata mlo wenye maziwa kidogo ndani; chakula kinachelewesha kilele tu, jumla inayoingia haibadiliki sana. Kinachokatazwa ni maziwa, mtindi, au juisi iliyoongezwa kalsiamu kama kinywaji cha kushushia kidonge. Ugali na sato, wali maharage, michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa), karanga: hakuna tatizo. Dagaa je, nao wanaliwa na mifupa yao, na mfupa ni kalsiamu? Dagaa kwenye sahani ya ugali ni sehemu ya mlo, kwa hiyo hawakatazwi. Lakini anayetibiwa taifodi na anataka kuwa na uhakika, ale dagaa wake mchana, ndani ya lile dirisha, na usiku ale kitu kingine. Kikombe cha uji mzito wa lishe uliojaa maziwa na unga wa dagaa ni jambo tofauti, hasa kwa mgonjwa ambaye hali kingine chochote. Hicho tukihesabu kama maziwa.

Vitu viwili havitajwi dirishani kwa kuwa hakuna anayeviita dawa. Unga wa mlonge una kalsiamu na chuma, na watu wanaunywa vijiko kwa vijiko. Udongo wa kula, ule wa vipande unaouzwa sokoni, ni madini matupu na unanata na dawa nyingi. Wanaoupenda zaidi ni wajawazito, na mjamzito kwa kawaida hatafutiwi sipro mpaka zingine zimeshindikana. Kama amepewa, udongo uwekwe pembeni mpaka dozi iishe, na FEFO yake ya kliniki, yaani vidonge vya chuma na foliki, imezwe mchana. Chuma peke yake hukata zaidi ya nusu ya sipro. Anayetumia dawa za VVU zenye dolutegraviri atazitambua hizi saa: dolutegraviri nayo ina koleo la namna hiyo, na magnesiamu inaizuia vilevile. Sipro na dolutegraviri zenyewe hazigombani tumboni.

Malaria na taifodi kwa pamoja

"Nimekutwa na malaria na taifodi" ni sentensi inayosikika kila siku kanda ya ziwa. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi nusu yake ni kipimo cha Widal kilichofanywa mara moja, ambacho kinaweza kuonyesha kinga iliyobaki kutokana na maambukizi ya zamani, au kinga ya kitu kingine kabisa. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu maabara, na damu ichukuliwe kabla ya antibayotiki ya kwanza. Kuotesha kunachukua siku na fedha, ndiyo, lakini kunasema pia kama sipro bado inamuua huyo bakteria. Siku hizi hilo si la kudhania.

Kwa nini tunasumbuka na hili kwenye makala ya mwingiliano wa dawa? Kwa sababu mseto na sipro hazipendani mahali pawili. Kwanza, lumefantrini iliyo ndani ya mseto inahitaji mafuta ili iingie mwilini, na ushauri wa kawaida ni kuimeza na maziwa. Maziwa yaleyale yanaipunguza sipro. Tatizo hili ni dogo: mafuta yatoke kwingine, kwenye chapati, karanga, parachichi au samaki wa kukaanga.

Pili ni moyo, na hapo si padogo. Lumefantrini na sipro kila moja inaweza kurefusha muda ambao moyo unajichaji upya kati ya pigo na pigo. Zikikutana, kwa mtu aliye kwenye hatari, mapigo yanaweza kuvurugika ghafla. Watengenezaji wa mseto wenyewe wanashauri fluorokwinoloni ziepukwe wakati wa dozi. Kwinini ni mbaya zaidi, na erithromisini, azithromisini, haloperidoli, flukonazoli na amiodaroni ziko kwenye foleni hiyohiyo. Aliye hatarini ni mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye ndugu aliyeanguka na kufa ghafla kijana, na yule aliyetapika na kuharisha mpaka potasiamu imeshuka, na huyo wa mwisho ndiye anayefika na taifodi. Lumefantrini hubaki mwilini siku kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, kwa hiyo kumaliza mseto Jumatatu na kuanza sipro Jumanne hakuzitenganishi dawa hizo. Kama malaria imeonekana kwenye kipimo na taifodi ni ya Widal tu, tibu malaria, otesha damu, ngoja. Kama kweli zote zipo, daktari achague antibayotiki nyingine.

Dawa ambazo sipro inazifungia mlango

Kwenye ini kuna kimeng'enya kimoja chenye kazi ya kusaga kafeini, teofilini na dawa nyingine chache. Sipro inakizuia. Kwa kafeini matokeo yake ni usumbufu: kahawa ya Bukoba ya jioni, ambayo zamani ilikuwa inapita, sasa inakukesha na moyo unadunda. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyonywewa na wavuvi wa dagaa usiku kucha na madereva wa bodaboda ni kafeini hiyohiyo, na vidonge vya maumivu vyenye neno "Extra" mara nyingi vina kafeini pia. Punguza kwa nusu au acha.

Kwa teofilini na aminofilini, vidonge vya pumu vya bei nafuu, matokeo yanaweza kuwa kifo. Dozi ya kila siku ambayo mgonjwa ameizoea miaka inaanza kujilimbikiza: kichefuchefu, kutapika, mikono kutetemeka, mapigo kwenda mbio, mwishowe degedege. Vitabu vinasema pima kiwango cha teofilini kwenye damu na upunguze dozi. Kwa zahanati ya kisiwani Ukerewe au Kome ushauri huo ni wa kinadharia. Mwenye pumu anayemeza teofilini apewe antibayotiki nyingine, basi. Salbutamoli ya kuvuta haipiti kwenye mlango huu. Tizanidini, iliyomo kwenye baadhi ya mchanganyiko wa vidonge vya mgongo, imekatazwa kabisa na sipro: kiwango chake hupanda kama mara kumi na presha inaporomoka.

Mwenye kisukari anayetumia glibenklamidi ajue kwamba sipro inaweza kushusha sukari hadi mtu apoteze fahamu. Mzee, figo zimechoka, halafu na homa imemkatisha kula: hapo sukari haina pa kutokea. Jasho la ghafla, njaa, kutetemeka, maneno yasiyoeleweka. Mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji kama anaweza kumeza, halafu mpeleke hospitali hata kama ameamka, maana glibenklamidi inakaa mwilini muda mrefu na itamrudisha chini. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, mathalani waliowekewa vali za moyo, apime INR, yaani kasi ya damu kuganda, siku tatu hadi tano baada ya kuanza sipro, na achunguze fizi na mkojo kama vina damu.

Pombe? Haigombani na sipro moja kwa moja. Inagombana na metronidazoli, ambayo mara nyingi iko kwenye mfuko uleule.

Magonjwa yanayoikataa

Kifafa ni cha kwanza. Sipro hushusha kizuizi cha degedege, inaweza kuvuruga kiwango cha fenitoini, na diklofenaki au ibuprofeni zikiongezwa juu hatari inazidi. Parasetamoli inatosha kwa homa. Ugonjwa wa misuli kuchoka, ule wa kope kuanguka jioni na kutafuna kuwa kazi, ni marufuku. Mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, anaweza kupasuka chembe za damu. Ukisikia mkojo umekuwa rangi ya kola baada ya dozi, acha na urudi. Mwenye mshipa mkuu wa moyo uliotanuka atafutiwe kingine.

Kano ni habari ya pekee. Sipro inaweza kuidhoofisha kano ya kisigino hadi ikatike, wakati mwingine wiki kadhaa baada ya dozi kuisha. Hatari inapanda kwa mwenye zaidi ya miaka 60 na kwa anayetumia prednisoloni au deksamethasoni. Na hapa muulizaji awe mpole lakini asione haya, kwa sababu deksamethasoni inamezwa na watu wasio na ugonjwa wowote, kama dawa ya kunenepa, na hawatakutajia usipouliza. Maumivu nyuma ya kisigino ni amri ya kuacha dawa siku hiyohiyo na kutovuta nyavu.

Kwenye figo zilizochoka nafasi kati ya dozi hurefushwa: usafishaji wa kreatinini, yaani kipimo cha kasi ya figo kuchuja damu, ukiwa kati ya mililita 30 na 50 kwa dakika ni miligramu 250 hadi 500 kila masaa 12, kati ya 5 na 29 ni kila masaa 18, kwa anayesafishwa damu ni kila masaa 24, baada ya kusafishwa.

Kichocho, mwenyeji wa taifodi sugu

Hili halimo kwenye jedwali la mwingiliano la karatasi ya dawa, ila kwa ziwa letu lingepaswa kuwa mstari wa kwanza. Bakteria wa Salmonella, ukoo ambamo taifodi imo, wanaweza kujishikiza kwenye ngozi ya minyoo ya kichocho na kuishi nao ndani ya mishipa ya damu ya mgonjwa. Sipro inawafagia walioko kwenye damu, homa inashuka, mgonjwa anashukuru. Waliojificha kwenye minyoo wanabaki. Wiki au miezi ikipita homa inarudi, Widal inapimwa tena, sipro inatolewa tena, na kila mzunguko unawapa bakteria darasa jingine. Mpaka minyoo itibiwe, mzunguko haukatiki.

Kwa hiyo mtu wa Igombe, wa Sengerema, wa visiwani, yeyote anayeoga au kufanya kazi ziwani na ana "taifodi isiyoisha", apimwe kichocho. Ukanda wa ziwani kinachotawala ni kichocho cha tumbo: choo huchunguzwa. Kwenye malambo na mabwawa ya Misungwi, Kwimba hadi Shinyanga ni kile cha mkojo. Prazikwanteli hutolewa miligramu 40 kwa kila kilo, mara moja, pamoja na chakula. Mtu wa kilo 60 ni miligramu 2,400, yaani vidonge vinne vya 600. Na mkojo wenye damu kwa kijana wa Kwimba usiitwe UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) na kupewa sipro bila kuangaliwa kwa hadubini. Sipro haiui mnyoo hata mmoja.

Kikohozi nacho kina mtego wake. Fluorokwinoloni zinamgusa bakteria wa kifua kikuu kiasi cha kumnyamazisha, si kumwondoa. Mwenye kikohozi cha wiki mbili, awe mchimbaji kutoka Geita au mama wa nyumbani Igogo, akipewa sipro au levofloksasini kabla ya makohozi kupimwa, anapata nafuu ya uongo na kipimo kinaweza kutoka safi. Makohozi kwanza.

Mwisho ni mtoto anayeharisha damu. Kwake sipro ni miligramu 15 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku, siku tatu, na maji ya chumvichumvi hayana ugomvi nayo. Zinki ndiyo yenye ugomvi, na mtoto huyohuyo anaihitaji: miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafikisha miezi sita, kwa siku 10 hadi 14. Mama hupewa vyote viwili kwa pamoja, na kwa kuogopa kusahau huviyeyusha kwenye kijiko kimoja. Sipro apewe saa moja asubuhi na saa moja usiku. Zinki saa sita mchana, na safari hii saa sita ni ileile ya jua utosini.